Defender, antivairasi ya bure au ya kulipia? Ulinganisho kwa mwenye Windows, na namna ya kuchagua kinga ya barua taka

Ukinunua laptopu dukani, baada ya chaja na begi swali linalofuata huwa hili: "Tukuwekee na antivairasi?" Wengi hukubali na kulipa. Ni wachache wanaoambiwa kwamba Windows 10 na 11 zinakuja na kinga yake tayari, na kwamba kuongeza nyingine juu yake si lazima kuwe faida.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Kwa kompyuta ya nyumbani yenye Windows inayopokea masasisho, Microsoft Defender iliyowashwa sawasawa inatosha, na pesa ya leseni ni bora ikanunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Ofisi ndogo yenye pesa kidogo ya usalama ianze na barua pepe kabla ya antivairasi. Zipo hali tatu ambapo kulipia antivairasi kuna maana, na zote tatu zimo humu. Antivairasi ya kukraki haifai katika hali yoyote.

Defender: kinga uliyonayo tayari

Defender kamili imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. AV-TEST, maabara ya Magdeburg nchini Ujerumani, hupima antivairasi kwa alama 6 za ulinzi, 6 za wepesi na 6 za urahisi wa matumizi. Kwa miaka ya karibuni Defender mara nyingi hupata zote 18 au karibu na hapo, sambamba na zile za kulipia.

Udhaifu wake uko kwingine. Sehemu kubwa ya utambuzi wa Defender hufanyika kwenye seva za Microsoft, kwa hiyo mtandao ukikatika uwezo wake unapungua. AV-Comparatives, maabara nyingine ya Innsbruck, Austria, hupima pia utambuzi bila intaneti, na katika kipengele hicho Defender imekuwa ikiachwa nyuma na washindani kama Bitdefender. Kompyuta ya shule au zahanati inayounganishwa mara moja kwa wiki inaguswa na tofauti hii kuliko nyingine yoyote iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo ndiyo hali ya kwanza ya kulipia.

Kuna kosa jingine ambalo watumiaji wa bando hulifanya bila kujua. Ukiunganisha laptopu kwa hotspoti ya simu na kuuwekea mtandao huo alama ya "Metered connection" ili kuokoa bando, Defender kwa kawaida haijisasishi yenyewe kupitia mtandao huo. Inakaa wiki kadhaa na orodha ya zamani ya virusi huku alama ya kijani ikionekana vilevile. Dawa ni kufungua "Windows Security", kuingia "Virus & threat protection", kisha "Protection updates", na kubofya "Check for updates" kwa mkono kila siku mbili tatu. Kompyuta isiyofikiwa kabisa na mtandao inaweza kusasishwa kwa faili la mpam-fe.exe linalopatikana kwenye tovuti ya Microsoft. Lina zaidi ya megabaiti 100, kwa hiyo lipakue penye mtandao mzuri, libebe kwa flashi, lifungue kwenye kompyuta husika, basi.

Baada ya hapo kagua swichi zake. Ndani ya "Virus & threat protection" bofya "Manage settings", uhakikishe "Real-time protection", "Cloud-delivered protection" na "Tamper Protection" zote zimewashwa. Shuka chini hadi "Exclusions". Orodha hiyo kwa mtu wa kawaida inatakiwa iwe tupu. Ukikuta C:\ nzima au folda ya Downloads imeorodheshwa, basi aliyekuwekea Office ya kukraki aliiamuru Defender isiangalie huko, kwa sababu vile viprogramu vya kufungulia leseni hukamatwa mara moja visipofichwa. Fundi anaondoka, ruhusa inabaki, na kila kirusi kitakachotua kwenye folda hiyo baadaye kitapita bila kuulizwa. Kompyuta nyingi zinazosemwa "ina antivairasi lakini ina virusi" shida yao ni hiyo. Futa kila kilichomo, kisha endesha "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)" kutoka "Scan options". Mashine itajizima na kuwaka, na kazi huchukua kama dakika 15.

Swichi mbili huenda ukazikuta zimezimwa. Ya kwanza iko "App & browser control", ndani ya "Reputation-based protection settings": washa "Potentially unwanted app blocking", inayozuia zile programu za matangazo zinazopandia mgongoni mwa programu nyingine. Ya pili ni "Controlled folder access", chini ya "Ransomware protection". Hii inazuia programu isiyotambulika kuandika ndani ya Documents, Pictures na Videos, hivyo kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia kinakosa pa kushika. Ina usumbufu wake: programu ya zamani ya uhasibu au ya shule inaweza kugoma kuhifadhi kazi. Ikitokea, usiizime swichi nzima. Iruhusu programu hiyo moja kupitia "Allow an app through Controlled folder access".

Unataka kujua kama kinga inafanya kazi kweli? Pakua faili la majaribio la EICAR kutoka eicar.org. Ni mstari wa herufi 68 usio na madhara yoyote, ambao antivairasi zote zimekubaliana kuuchukulia kama kirusi. Likikaa kwenye kompyuta yako bila kukamatwa, huna kinga.

Za bure: Avast, AVG, Avira, Bitdefender Free

Tatu za kwanza ni za mwenye mmoja. Avast ilinunua AVG mwaka 2016, na leo Avast, AVG, Avira na Norton zote ziko chini ya kampuni ya Gen Digital. Kwa hiyo anayehama kutoka Avast kwenda AVG hajahama mbali.

Kinga yao ni nzuri, hilo halina ubishi. Tatizo ni jinsi zinavyojilipa. Februari 2024, FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 kwa kukusanya taarifa za tovuti ambazo wateja wake walitembelea na kuziuza kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot, ambayo ilifungwa mwaka 2020. Programu uliyoiweka ikulinde dhidi ya kufuatiliwa ndiyo iliyokuwa inafuatilia. Mbali na hilo, utapata madirisha ya kukushawishi ulipie toleo kubwa, na mtumiaji aliyezoea kufunga madirisha ya matangazo kuna siku atafunga onyo la kweli. Bitdefender Free haina kelele nyingi kiasi hicho. Ikiwa umeamua kwa lolote kuchagua ya bure, sisi tungeanzia hapo.

Jambo ambalo wenye maduka hulipita: leseni ya Avast ya bure ni kwa matumizi binafsi. Kuiweka kwenye kompyuta za stationery au ofisi ni kuvunja masharti yake. Defender haina kizuizi hicho, inaenda na leseni ya Windows yenyewe.

Usiweke mbili kwa pamoja. Antivairasi mbili zikikagua kila faili kwa wakati mmoja, kila moja inazuia mkono wa mwenzake na mashine yenye RAM ya GB 4 inakwama. Ukiweka ya kampuni nyingine, Defender hujitoa yenyewe kwenye ulinzi wa muda wote. Ukitaka jicho la pili bila ugomvi, tumia programu za kukagua mara moja tu: Malwarebytes ya bure, ESET Online Scanner, au Microsoft Safety Scanner. Hii ya mwisho huisha muda siku 10 baada ya kuipakua, kwa hiyo ile uliyonayo kwenye flashi tangu mwaka jana haina kazi.

Za kulipia: ESET, Bitdefender, Kaspersky

Unachonunua hapa si ukamataji mkubwa zaidi wa virusi kuliko Defender. Pengo hilo ni dogo. Unanunua mambo mengine: kuziona kompyuta zote za ofisi kwenye ukurasa mmoja, kuweka sheria ya flashi, na mtu wa kupigia simu. Ofisi yenye kompyuta tano au zaidi bila fundi wa kudumu ndiyo hali ya pili ya kulipia, kwa sababu hakuna atakayezunguka kila asubuhi kuangalia ni mashine gani haijasasishwa.

Hali ya tatu ni stationery. Kompyuta moja inapokea flashi za watu makumi kwa siku, kila moja imetoka mahali pengine. ESET ina mpangilio wa kukagua flashi mara inapochomekwa, na toleo la ofisi linaweza hata kukataa kuendesha programu yoyote iliyomo humo. Pia ni nyepesi kwenye mashine za zamani zenye diski ya kuzunguka, mahali ambapo Defender huonekana kwenye Task Manager kama "Antimalware Service Executable" ikila diski kila inapokagua.

Kuhusu Kaspersky, jina linalojulikana sana madukani kwetu: ukamataji wake ni wa daraja la juu, lakini kuna suala la kisiasa ambalo mnunuzi alijue. Mamlaka ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, BSI, iliwaonya watumiaji Machi 2022. Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake nchini humo, na masasisho kwa wateja wa huko yakasitishwa 29 Septemba 2024. Ndugu aliyeko Marekani asitumiwe leseni kutoka huku. Kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa hakuna marufuku kama hiyo; uamuzi ni wake.

Kabla ya kulipa, soma bei ya mwaka wa pili. Mara nyingi bei inayotangazwa ni ya mwaka wa kwanza, na ya kuhuisha hupanda. Leseni ya bei ya kutupa inayouzwa kwa ujumbe wa simu kwa kawaida ni namba moja iliyouzwa kwa watu wengi. Kampuni ikigundua huifunga, na kompyuta inabaki bila masasisho bila wewe kujua.

| | Defender | Ya bure | Ya kulipia |
|---|---|---|---|
| Gharama | Imo kwenye Windows | Matangazo, wakati mwingine taarifa zako | Ada ya kila mwaka |
| Bila intaneti | Hupungua nguvu | Hutofautiana | Bora zaidi |
| Matumizi ya biashara | Ruksa | Soma leseni, mara nyingi hapana | Ruksa kwa toleo la ofisi |
| Kusimamia mashine nyingi | Hakuna kwenye toleo la nyumbani | Hakuna | Ipo |

Yote haya yanategemea Windows iwe hai. Windows 7 iliacha kupokea masasisho 14 Januari 2020, Windows 10 ikafuata 14 Oktoba 2025. Kwa Windows 10 Microsoft iliweka mpango wa ziada kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, na imeahidi kuendelea kuipa Defender orodha za virusi hadi Oktoba 2028. Elewa tofauti ya hivyo viwili: orodha ya virusi hutambua mwizi, sasisho la Windows huziba tundu ukutani. Kirusi cha WannaCry kilipolipuka 12 Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi mwaka huohuo. Waliofungiwa mafaili na kudaiwa dola 300 ni waliokuwa hawajasasisha. Laptopu ya zamani isiyoweza kubeba Windows 11 lakini yenye RAM ya GB 4 inaweza kuwekewa Linux Mint ikaendelea na maisha.

Flashi: kirusi cha shotikati

Zamani virusi kama Conficker ya mwaka 2008 vilijiendesha vyenyewe flashi ikichomekwa. Microsoft ilifunga mlango huo, ndipo vikaja vinavyokusubiri ubofye mwenyewe: folda zako zinafichwa, na badala yake zinawekwa shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida na kirusi kinaingia kwenye kompyuta.

Kosa la wengi ni kusafisha flashi kwanza. Ikiwa kompyuta bado ina kirusi, flashi itachafuka tena sekunde ileile. Anza na kompyuta kwa ile offline scan, kisha chomeka flashi bila kuifungua, bofya kitufe cha kulia na uchague "Scan with Microsoft Defender". Usitegemee "Full scan" ikufanyie hivyo, kwa kawaida haigusi flashi. Halafu fungua Command Prompt na uandike, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitatokea tena. Futa shotikati zote pamoja na mafaili usiyoyajua yanayoishia na .vbs, .js au .lnk. Usiifomati kwa haraka. Kazi zako zimefichwa tu, hazijafutwa.

Ukienda kuchapisha stationery, linganisha njia tatu: flashi inarudi na chochote kilichomo kwenye mashine ile, kufungua barua pepe yako pale kunaacha nywila kwenye kompyuta ya watu, kumtumia mhudumu PDF kwa WhatsApp au barua pepe ya duka hakuachi kitu. Chagua ya tatu.

Barua pepe: Gmail, au barua ya kampuni iliyokuja na tovuti?

Hapa ndipo pesa ya ofisi inapopotelea. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilirekodi hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 mwaka 2023 kutokana na ulaghai wa barua pepe za kibiashara, ule wa "akaunti yetu ya benki imebadilika, lipeni kwenye hii". Barua kama hiyo haina kirusi, kwa hiyo antivairasi haina la kukamata.

Gmail ya bure huzuia barua taka vizuri sana, hukataa viambatanisho vya hatari kama .exe na .js, na kilichoingia kwenye Spam hufutwa baada ya siku 30. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi (kwa Google, 5,000 au zaidi kwa siku) wajithibitishe na waweke njia rahisi ya kujitoa.

Barua ya kampuni iliyopangishwa pamoja na tovuti kwenye cPanel (ukurasa wa kusimamia tovuti na barua zake) ina jina zuri, lakini uchujaji wake mara nyingi ni SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka, iliyoachwa ilivyokuja, ikihesabu barua kuwa taka inapofika alama 5. Ingia "Spam Filters", shusha hadi 4, lakini usiwashe kufuta moja kwa moja, maana oda ya mteja itapotea siku moja. Kisha ingia "Email Deliverability" na uhakikishe SPF na DKIM ni sahihi. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni saini ya kidijitali inayoambatana na barua. DMARC huwaambia wapokeaji wafanye nini vikishindikana. Anza DMARC na p=none (tazama tu), soma ripoti kwa wiki chache, ndipo upande hadi quarantine (peleka kwenye taka) na hatimaye reject (kataa). Ukiruka moja kwa moja hadi reject, ankara zako mwenyewe zinaweza kukataliwa. Ofisi inayopokea ankara kila siku na haina mtu wa kushughulikia haya ilipie Google Workspace au Microsoft 365, hata kama itabaki na Defender kwenye kompyuta.

Ukishuku barua kwenye Gmail ya kompyuta, bofya nukta tatu kisha "Show original", uone kama SPF, DKIM na DMARC zimeandikwa PASS. Lakini PASS inathibitisha tu kwamba barua imetoka kwenye jina hilo la tovuti, haithibitishi uaminifu wa mwenye jina. Tapeli aliyesajili benkiyako-co-tz.com atapata PASS zote tatu. Soma jina kuanzia kulia: kilicho kabla kidogo ya .co.tz au .com ndiye mwenyewe.

"Unsubscribe" au "Report spam"? Kwa duka au shirika ulilojiandikisha mwenyewe, jitoe. Kwa usiyemjua, ripoti bila kubofya chochote, maana kubofya kunamthibitishia kwamba anwani ina mtu. Na kwa kujisajili ovyo mtandaoni, anwani ya pili kabisa ni bora kuliko ule ujanja wa kuongeza + kwenye anwani ya Gmail (mfano jina+duka@gmail.com), kwa kuwa mtumaji taka huondoa + na kinachofuata akabaki na anwani yako halisi.

Kwenye viambatanisho, fanya jambo moja leo: File Explorer, "View", "Show", washa "File name extensions". Bila hiyo, Ankara.pdf.exe inaonekana Ankara.pdf. Hila hiyohiyo ndiyo iliyosambaza kirusi cha ILOVEYOU Mei 2000, kikiwa kimevaa .TXT mbele ya .vbs. Leo ongeza tahadhari kwa kiambatanisho cha .html kinachofungua ukurasa wa kuomba nywila.

Kwa uthibitisho wa hatua mbili, SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini laini inaweza kusajiliwa upya na tapeli. Programu ya Google Authenticator hutoa namba hata simu ikiwa haina mtandao. Chapisha zile namba 10 za akiba ambazo Google hukupa, uziweke na vyeti vyako.

Na ukishaingiza nywila kwenye ukurasa wa uongo, badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha fungua "Settings" za Gmail na ukague "Forwarding and POP/IMAP" pamoja na "Filters and Blocked Addresses". Wezi huacha humo sheria ndogo ya kujitumia nakala ya kila barua yenye neno "ankara" au "malipo", na sheria hiyo inaendelea kufanya kazi hata baada ya nywila kubadilishwa.